Nimemtafutia Mama Jua

Kinoru, Meru

Dada yangu Wanja,

Mko aje huko Ishiara? Ndengu zimeshika ama jua limezimaliza? Na kifua cha mama, bado kinapiga filimbi usiku? Mimi niko, nakula, ingawa asubuhi mvuke unanitoka mdomoni kama sufuria ya githeri.

Nilikuambia Meru ni mji wa shibe na sirudi nyuma. Kiazi kimoja cha hapa kinashibisha mtu na ng'ombe wake. Magari ya miraa yanakimbia mpaka vivuli vyake vinafika kesho. Juzi ndovu alitoka msituni, nikamkoholea tu, akarudi.

Sasa hii habari ya kumleta mama, kwa sababu nilisema hewa ya mlima ni dawa. Tangu uniambie amefunga nguo zake, nimenunua kigoda, nazunguka nacho. Unamjua mama: hagusi chai kabla hajaota jua la asubuhi mgongoni. Lakini chumba changu kiko chini na ghorofa zimenizunguka. Ukungu ukishuka mlimani unakaa mpaka saa sita, siku nyingine hauondoki.

Mama wa ndizi, hapo getini, akaniuliza, "Mzee wa Ishiara, hicho kiti unauza?"

"Namtafutia mama jua."

"Jua si uliliacha kwenu? Hapa tuko na mvua na ndizi, chagua."

Watu wakacheka, hata mimi.

Nikapata mahali pamoja, mbele ya buchari ya nyama. Nikakaa mwenyewe, nijaribu. Jua likanigusa magoti. Kabla halijafika kifuani, lori la viazi likaja likasimama hapo, na dereva akaenda kula.

Usimlete, Wanja. Kifua chake hakitavuka baridi ya Julai huku. Hizo nguo zifungue polepole, asione kama amefukuzwa. Mwambie kijana wake ni mtu mkubwa Meru, lakini jua la kumkalisha hana. Nikipewa ruhusa kwa kazi ya kupakia ndizi, nitashuka mimi, tukae naye hapo ukutani anapootea jua.

Msalimu shemeji yangu na mbuzi wake. Wapwa zangu waambie ndovu wa mjomba anawauliza.

Kigoda nimekiweka kando ya kitanda. Sijakikalia tena.

Ni mimi kaka yako,
Njeru