Wastani wa Siku Tatu

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Kangemi tu wazima; babu yako amerudi kwaya. Unauliza kwa nini kichujio chako cha wastani, kile kinachopiga wastani wa vipimo vya karibuni tu, kinalainisha mawimbi ya vipimo lakini kinachelewa kuonyesha mabadiliko.

Tukiwa wachumba, tulipima mvua kila asubuhi tujue masika yakiisha, tufanye harusi uani. Babu yako alipiga wastani wa siku kumi za mwisho, mimi wa siku tatu, kila mtu akachora mstari wake. Mstari wangu uliposhuka, wake ulikuwa bado juu.

“Tungoje,” akasihi.

“Ukiungoja huo, utaoa ukiwa mzee!”

Tukaoana. Tukikata keki, manyunyu yakatushukia.

“Mke wangu,” akacheka, “mstari wako unadanganywa na jua la siku mbili!”

Tukacheza tumelowa.

Siku nyingi hutuliza mstari, ila huuchelewesha. Mimi ningechagua tatu tena.

Shosho wako