Tarehe 31 Novemba

Mapokezi, Hospitali ya Macho,
S.L.P. 206.
12 Desemba

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Waendeleaje huko uliko, na mgongo umetulia? Sisi hatujambo, ila mama ananung'unika kwamba simu zako ni fupi mno.

Leo nataka kumsifia mdogo wetu, Nukta, na unajua mimi si mwepesi wa kusifu. Nilizoea kumcheka kwamba analipwa kwa kukodolea macho kompyuta. Nimekoma.

Ndiye aliyeandika, ndani ya programu ya hospitali, mstari mmoja wa tarakimu na mabano unaokagua kila tarehe na saa tunayoingiza hapa mapokezi. Ukiandika mwezi wa 13 au saa 25:00, unakataliwa papo hapo. Mstari huo umenikataa mara nyingi, nikamnunia Nukta mpaka nyumbani.

Kumbe mstari ule uliangalia umbo tu. Siku isizidi 31, mwezi usizidi 12, basi, pita. Fundi cherehani mmoja alipangiwa upasuaji tarehe 21 Novemba. Ikaingizwa 31, ikapita. Wagonjwa hupigiwa simu kwa orodha ya siku, na siku hiyo haimo katika kalenda yoyote. Mama wa watu akasubiri kwake mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Alipokuja kuuliza, Nukta hakuruka kimanga. Alimwambia daktari mkuu, "Mlango niliutengeneza mimi, daktari, na niliuacha wazi." Akaongeza hatua ya kulinganisha kila tarehe na kalenda, Februari na vituko vyake humo humo. Kisha akapekua rekodi za nyuma, akapata wagonjwa wengine tisa, akawapigia mmoja mmoja. Fundi alipasuliwa Ijumaa, na anaona vizuri.

Hata hivyo Nukta amepewa siku saba ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi.

Kaka, roho inaniuma. Programu huhifadhi jina la aliyeingiza tarehe, naye aliliona. Ni langu. Hajamtajia mtu, hata mimi hakuniambia neno. Jioni ile alinimiminia chai tu, akaniuliza kama nimekula.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabusu. Shangazi anakusalimu. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Kabla ya barua hii nimeandika nyingine, fupi, kwa daktari mkuu, na nimeifikisha mwenyewe asubuhi. Kazi yangu ikienda, iende. Yake ibaki.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako wa mapokezi