Si Udaktari Ninaosomea

Chuoni, Kampala

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Mama kutoka huku ng'ambo ya Ziwa. Je, mgongo wako umepata nafuu, na mvua za Ntalikwa zimewatosha? Mimi mwili hauna neno. Ndizi za kupika za huku nimezizoea, ingawa bado natamani michembe ya viazi na karanga za Mama. Lakini moyo haujatulia, Baba, na ndiyo sababu nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, kabla hujamwita Mama umsomee.

Barua ya dada Nyamizi ilinifikia wiki iliyopita kwa mkono wa mwenzangu aliyepitia Tabora. Anasema Kulwa, binti wa jirani yetu, ametoka hospitali. Homa imekwisha, usaha wa sikio umekauka, ila hasikii tena. Ukimwita kwa nyuma hageuki mpaka Doto, pacha wake, amguse bega. Nilipofika hapo niliikunja barua, nikakosa pa kuyaweka macho yangu.

Baba, mimi sisomi udaktari. Sijausoma hata siku moja.

Miaka miwili ya kwanza hapa sote tulisoma masomo ya matayarisho, kisha kila mmoja akapewa fomu aandike njia atakayofuata. Niliandika udaktari, kama tulivyokubaliana nyumbani. Ningepokelewa, alama zangu zilitosha, kwa hiyo usidhani nilishindwa. Siku hiyo, kabla sijairudisha fomu, mwalimu wa jiografia alituambia kila mtu achore njia anayoijua. Wenzangu walichora barabara na reli. Mimi nilichora njia ya Babu, ile aliyopita akibeba pembe za ndovu mpaka pwani: kila kambi, kila kisima, mahali penye maji machungu, mahali walipomzika mwenzake. Alinitajia majina yale nikiwa mdogo, na nilishangaa kuona bado ninayo yote.

"Haya umeyatoa kitabu gani?" mwalimu akauliza.

"Si kitabu, bwana. Ni babu yangu."

Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akaniomba abaki nayo. Jioni nilikata neno udaktari kwa wino, nikaandika jiografia na historia. Nilifurahi, Baba. Hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Nilifurahi huku nikijua kwamba tangu surua iwachukue wadogo zangu wawili, umekuwa ukimwomba Mungu akupe daktari ndani ya nyumba yako.

Nikakuandikia, "Nimekwisha kuchagua." Basi, maneno hayo tu. Ukanijibu kwamba umetangaza kanisani na akina mama wamepiga vigelegele. Ningeweza kukuandikia ukweli siku ile ile. Nilingoja, na kila barua iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Kisha nikaja likizo. Unakumbuka asubuhi ile Mama Kulwa alipoingia uani, Kulwa mgongoni, sikio limevimba. "Mwangaluka, daktari," akaniamkia, yeye aliyenifukuza na fimbo zamani nikimwibia karanga. Ukanisogezea kigoda. "Mwangalie, mwanangu," ukasema, na uso wako sijawahi kuuona uking'aa namna ile.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nilimshika mtoto paji la uso, nikamwambia atoe ulimi, kama nilivyomwona mganga wa hospitali akifanya.

"Nimpeleke Tabora leo?" mama yake akauliza.

"Hakuna haja," nikasema. "Mkande kwa maji ya moto yenye chumvi. Wiki haitaisha kabla hajapona."

Niliogopa kwamba nikimwambia aende, mtajiuliza ni daktari gani huyu asiyejua sikio. Sababu ni hiyo, sina nyingine. Hospitali ilikuwa mwendo wa asubuhi moja. Wakangoja wiki nzima kwa sababu mimi nilisema wangoje, na nilipokuwa nimekwisha kupanda treni ndipo mjomba wake alipompakia kwenye baiskeli akiwa hajitambui.

Nimemuuliza rafiki yangu anayesomea udaktari, nikijifanya ni habari za mtu mwingine. Nikamuuliza kama angewahishwa angesikia. "Huenda," akasema. "Lakini aliyewaambia wangoje ni nani?"

Nyamizi hajui lolote. Pamoja na barua ameniletea chupa ya asali kutoka kwa Mama Kulwa. Anasema yule mama anamwambia kila mtu kwamba bila maji ya chumvi ya daktari mtoto asingekuwa hai. Sijaifungua. Wala sijathubutu kumgawia mtu.

Nakuomba, Baba, uwaambie wazee wa kanisa waache kuniita jina lile. Najua nakutwisha aibu yangu, nawe hukutenda kosa. Lakini sitaki kukudanganya mara ya pili, kwa hiyo nasema: udaktari sitausomea. Nimejaribu kulijutia somo nililochagua, nimeshindwa. Uongo naujutia, na mtoto yule namwona kila nikifumba macho.

Likizo ikianza nitavuka Ziwa hadi Mwanza, kisha treni. Ukiona bado huwezi kuniangalia, nitalala mjini kwa shangazi, sitanung'unika.

Unisalimie Mama, na umwambie ukweli kwa maneno yako, utayapata mazuri kuliko yangu. Nisalimie dada Nyamizi, na shangazi wa mjini na watoto wake wote. Nisalimie pia Mzee Saidi, fundi cherehani aliyenishonea koti la safari, bado lanitosha.

Mama Kulwa usimpe salamu zangu. Usimwambie neno lolote. Nitakwenda kwake mimi mwenyewe, kabla sijafika nyumbani, nimweleze nikiwa nimesimama mbele yake na watoto wake wote wawili wakinitazama.

Ni mimi mwanao,
Elia