Shemeji Anafuta Haki ya Dada Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamvaa mtu mbele za watu, maana hapa nilipo nimefura. Mimi ni mwalimu, na kila Jumamosi tunakutana maktaba, walimu, mawakili na wanafunzi wa sheria, tunajitolea kuandika kurasa za sheria kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuihariri, ili mtu wa kawaida ajue haki zake, na kiongozi wetu ni shemeji, mdogo wa marehemu mume wa dada yangu, wakili wa suti na maneno matamu, sasa nikaandika ukurasa wa mirathi, nikaweka aya kwamba mjane hatolewi kwenye nyumba ya ndoa mpaka mahakama iamue, na kifungu cha sheria nikakitaja, kesho yake aya haipo, nikairudisha, ikafutwa, nikairudisha, ikafutwa, kufungua historia ya ukurasa ni yeye, sababu eti "narahisisha lugha", anarahisisha nini, mshauri? Kumbe anaitaka nyumba ya kaka yake! Akachapisha ukurasa ulionyofolewa, akampelekea dada sebuleni kwake: "Shemeji, soma mwenyewe, mdogo wako ndiye aliyeandika. Mwisho wa mwezi unipishe." Jirani yake, aliyekuwepo na kuyasikia hayo, ananiambia dada ameshaanza kufunga vyombo. Nataka nimwandikie shemeji ukurasa wake peke yake, tamaa zake zote, dunia isome. Au nimfuate ofisini nikamkabe na tai yake?

Mwalimu Niliyechoka

Mwalimu, hasira yako ni ya haki, na mimi imenipanda. Wakili anayekatakata sheria ili amtoe mjane wa kaka yake hana haya wala soni.

Lakini na wewe acha utoto! Ukurasa wa matusi utafutwa kabla chai yako haijapoa, utafungiwa wewe, naye atajifanya ndiye aliyeonewa. Na huo wa mirathi usiuguse tena. Si mna kanuni kwamba mwenye maslahi haandiki? Yeye anayo, na wewe unayo. Nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, weka kifungu, sema wazi undugu wenu, wenzenu waamue. Historia ya mahariri ichapishe uipeleke chama cha mawakili, wao wanajua pa kumshika.

Sasa nikuambie lililonichefua zaidi. Dada yako anahitaji zuio la mahakama, na wa kuliomba ni yeye. Wewe umekaa kwenye kompyuta, unarudisha aya, inafutwa, unarudisha, huku yeye anakunja mapazia yake akiamini aliyemtoa nyumbani ni mdogo wake wa tumbo moja. Barua yako nimeisoma mara mbili, natafuta mahali ulipomwambia kuwa sheria iko upande wake. Sijapaona. Hata simu hujampigia! Zima hiyo mashine, nenda kwake leo, ubishe hodi, umwambie asitoke.