Kibuyu Chako Hakijasahau

Mwakeye, Baba Deo. Umeamkaje huko?

Ni mimi, Mama Deo wako. Anayeandika ni Jeni, mtoto wa Deo, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike kila ninachosema, asinipambe. Jeni, andika na hilo.

Haya. Tangu uondoke masika yamekuja mara mbili. Migomba ya nyuma imezaa mpaka tumeitegemeza kwa miti. Yule jogoo wako mkorofi tulimla, samahani, alimparua shemeji Zakaria usoni. Kiti chako kiko palepale, sijamruhusu mtu kukikalia, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo iliyonifanya nikutafute.

Unakumbuka ulivyoacha pombe? Pombe yenyewe nilikuwa naipika mimi, watu wanaifuata kutoka Busunzu, mpaka daktari akasema ini lako limechoka. Nikaipindua mitungi yote. Nikadhani sasa umekuwa mtu wa chai. Wapi! Ukarudi kutoka Kasulu na zile chupa za bia isiyo na kilevi. Majirani wakacheka, "Mzee anakunywa bia ya walokole!" Ukawajibu, "Nimeacha kilevi, sijaacha ukarimu."

Ukanifundisha kama mtoto. Glasi iinamishwe, povu liwe vidole viwili. Ile chungu iende na mbuzi wa kuchoma, uchungu unakata mafuta. Ile nyeusi yenye utamu iende na samaki wa moshi, migebuka. Na mtobe wetu wa ndizi, uliokamuliwa siku ileile kabla haujachacha, uende na maharage ya mawese. Mimi nikasema maharage ni maharage hata ukinywea maji. Ukanionjesha. Nikanyamaza. Unajua mimi na kunyamaza.

Halafu siku ile ya mwisho ukanishika mkono. "Mama Deo, kilevi kisitoke tena mikononi mwako." Nikakuapia.

Sasa nisikilize. Jeni amepata mchumba. Kijana wa Kumsenga, mpole, anakula vizuri. Baba yake ni Mzee Samweli, mzee wa kanisa. Wakatuma habari kwamba Ijumaa wanakuja kujitambulisha. Nikasema hawa ndio wageni wa Baba Deo, nitawaandalia kama alivyonifundisha. Bia chungu na mbuzi, nyeusi na migebuka. Lakini wakwe hawaanzi kuongea kwa chupa, hilo unalijua. Ni kibuyu na mirija, wazee wainamie pamoja. Basi Alhamisi nikakamua mtobe kwa majani, mikono hii hii, unga wa mtama wa kuuchachusha sikutia hata punje.

Nilipokosea ni hapa. Nikatazama juu ya meko, kwenye moshi, nikaona kibuyu chako kinaning'inia. Nikasema, mwenyewe hayupo, walau kibuyu chake kiwepo. Nikakisuuza kwa maji ya moto mara tatu. Mimi, Baba Deo! Mpika pombe wa miaka yote ile, nikasahau kwamba kibuyu kilichozoea pombe huwezi kukiosha kikasafika. Pombe imelala ndani ya ganda, inasubiri kitu kitamu.

Na mvua nayo. Ijumaa barabara ikawa utelezi, wageni wakaja Jumamosi mchana.

Mzee Samweli tukamkalisha kwenye kiti chako. Kibuyu kikaletwa. Mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Nikamwambia Zakaria aonje yeye. Akacheka mbele ya watu, "Shemeji, mwenye nyumba ni wewe. Au kuna kitu umetutilia?" Wote wakacheka. Nikainama, nikavuta mrija.

Mtobe ulikuwa umechacha. Ulimi wangu hauhitaji kuambiwa.

Jeni, usiache kuandika.

Nikitema, nimewaambia wakwe kuna sumu, na huyu mtoto kapiga magoti pale na kitenge chake kipya, macho chini. Nikisema ni pombe, mzee wa kanisa anainuka na watu wake wote. Nikimeza... nikimeza, kuna wewe na kile kiapo. Nikameza. Nikafuta mdomo, nikasema, "Karibuni, ni salama."

Mzee Samweli akanywa. Akanywa tena, akafumba macho. "Mkwe," akasema, "tangu niache pombe sijapata kitu cha kunituliza hivi." Kumbe naye alikuwa mwenzako! Zakaria naye akavuta mrija, akanitazama, akanikonyeza. Alidhani ni ujanja wangu. Basi kila tulichosema mkwe anakubali, mara anacheka, mara anaimba. Mpaka leo wanasema ugeni wetu ulibarikiwa.

Toka hapo Mzee Samweli amekuja mara tatu, ati anapita tu kumsalimia mkwe. Toka Kumsenga mpaka kwangu, mtu anapita kwenda wapi? Mara ya mwisho nilimwinamishia glasi, povu vidole viwili, na nyama pembeni, kama ulivyotaka. Akaisukuma polepole. "Si hiki, mkwe. Kile cha kibuyu." Mikono yake inatetemeka, Baba Deo. Nautambua ule mtetemeko. Kwako niliulea mimi.

Na harusini anataka madumu manne ya kile kile. Ameshawatangazia kanisani, mtobe wa Mama Deo hauna kilevi.

Ona nilivyobanwa. Nikikamua mtobe wa kweli, ataonja, atajua. Nikiuchachusha, namrudisha kule alikotoka, mbele ya kanisa zima. Nikisema, aibu ni yake, na itamwangukia mtoto huyu. Kila ninakogeuka ni ukuta. Hata kukuambia wewe nilishindwa, maana mkono wa kuandika ni wa Jeni.

Amesimamisha kalamu. Ananitazama na macho yako yaleyale.

Sasa anaandika tena. Sijui anaandika nilichosema au anakutumia salamu tu. Mimi naona sisimizi wanahama kwenye karatasi.

Nilitaka barua hii niifukie kaburini kwako. Nimebadilisha. Wewe mwenyewe kusoma ulikuwa unabahatisha. Mzee Samweli anasoma Biblia mbele ya watu. Kesho asubuhi naipeleka Kumsenga, namkabidhi mkononi, nakaa pale mpaka aimalize. Kama Jeni ameruka, nitasema kwa mdomo, na mdomo haujawahi kuniishia. Nitabeba mbuzi wa kuchoma na chupa mbili za ile chungu. Labda atanimwagia bia hiyo usoni. Labda ataniambia niinamishe glasi.

Kibuyu chako nimekipasua. Usinikasirikie, kilinilazimu. Vipande nimevipanga kaburini, upande wa kichwa.

Lala salama, mume wangu. Kiapo nilikivunja kwa kumeza. Kesho nakirudisha kwa kusema, na harusi ikiwepo, mtobe utakamuliwa asubuhi ileile, kwenye ndoo mpya. Nakuahidi.

Jeni anasema, "Bibi, hutaenda peke yako." Jeni, andika na hilo.