Venant Ndalahwa, Aliyetulindia Njia ya Moto

Baba Suzana, leo umetimia mwaka mmoja tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Agosti 1997, uliponiita mara moja tu na moyo wako ukasimama kabla sijafika mlangoni. Nyumba yetu hapa mlimani, Pasiansi, haijazoea. Naandika mimi mkeo, Justa, kwa niaba ya wote, maana watoto wamesema maneno ninayo mimi.

Ulikuwa mpole, lakini kichwa chako kilikuwa kigumu, na waliokufahamu hawatanibishia. Miaka ishirini na miwili ulifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Walipokupunguza kazi mwaka 1994, wewe na wenzako wengi, uliendelea kuamka saa kumi na mbili, kunyoa ndevu na kuuliza chai iko wapi, kana kwamba gari la kazini linakusubiri nje. Nilikuwa nakucheka. Siku hizi naamka mimi saa hiyo hiyo, bila sababu yoyote.

Majirani wanakukumbuka kwa njia ya moto. Wasiotufahamu waelewe kwamba juu yetu ni mlima wa mawe na nyasi, na kila kiangazi wafugaji huchoma nyasi ili mvua zikianza ng'ombe wapate majani mabichi. Septemba 1993 upepo uligeuka. Moto ulishuka ukala nyumba tatu, na jirani yetu Mzee Shimba alitoka na suruali aliyovaa na redio yake. Hakufa mtu, lakini jioni ile uliniambia, "Mama Suzana, mara ya pili tutazika."

Ukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wengine walitia pamba masikioni, ukarudi kesho yake, ukarudi tena. Mwishowe tukakubaliana: kila Jumamosi ya kwanza ya Juni, kila kaya itoe watu wa kufyeka ukanda wa hatua ishirini kati ya nyasi na nyumba zetu, ndiyo njia ya moto, ili moto ukifika ukose cha kula. Ulitupanga mstari mmoja, kama tulivyokuwa tunapalilia pamba kwetu Kisesa, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, ili mvivu aonekane. Na badala ya kugombana na wafugaji ulimfuata Mhoja, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, ukamwomba awalete walishwe kwenye ukanda huo kila nyasi zinapoota upya. Alikubali. Tangu hapo tukawa tunakanyaga mavi ya ng'ombe tukienda kuchota maji, na lawama zote zikaja kwako.

Kosa letu lilikuwa kupapendezesha. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukafagia. Wewe ukapanga mawe pembeni ukayapaka chokaa, kama ulivyozoea kuona kiwandani. Mwanzoni mwa 1997, wakati kila mwenye nguvu hapa mjini anatafuta mahali pa kujenga, wapimaji walipita wakaona ardhi safi, imenyooka, ina mawe meupe kila upande. Wakaona ni mahali pa kujenga. Walipima viwanja kumi na kimoja na kusimika bikoni za mipaka, sisi tukiwa tumepigwa na butwaa.

Hukupiga kelele. Ulimtafuta kila aliyepewa kiwanja, ukamwomba aje asimame pale mchana, upepo unapovuma. Bwana Naushad, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amepewa viwili. Ulimpeleka kwenye ukuta wa Mzee Shimba, ambao mpaka leo una masizi, ukamwuliza moto ukishuka utakutana na nini kwanza. Akatazama juu kwenye nyasi, akatazama chini kwetu.

"Mzee Venant, mimi nilionyeshwa karatasi tu," alisema. "Huku sikuletwa."

Alirudisha vyote viwili. Tukaandika barua, tukaandika nyingine, watu sitini na wawili tukaweka sahihi au dole gumba, na wewe ukazipeleka mwenyewe ofisi ya ardhi kwa miguu. Mwezi wa saba viwanja kumi vikafutwa. Kikabaki kimoja, namba saba, katikati kabisa, kwa sababu msingi ulikuwa umeshachimbwa. Tuliambiwa mwenye kiwanja ndiye peke yake anayeweza kukirudisha. Na mwenye kiwanja alikuwa Revocatus, mwanetu.

Nilikuwepo mlipozungumza naye.

"Baba, kila mtu anajenga," alikwambia. "Nina miaka thelathini, nina mke, bado nalala chumba cha kupanga. Vile kumi vimefutwa. Nyumba yangu moja itamdhuru nani?"

"Jenga, mwanangu, jenga popote. Lakini moto hauhitaji nyumba kumi ili uvuke. Moja inautosha."

Akainuka akaondoka. Wiki tatu zilizofuata zilipita hivi: anakuamkia shikamoo, unamwitikia marahaba, kila mtu na njia yake. Halafu ukafariki. Alikubeba mpaka kaburini, na hakuna aliyemwona akilia.

Juni mwaka huu tulijipanga mstari bila wewe. Bwana Naushad alituletea mapanga. Revocatus alikuja peke yake na koleo, akaenda moja kwa moja kwenye kiwanja namba saba, akaanza kufukia msingi wake. Tulifyeka tukampita. Jumatatu akaandika barua ya kurudisha kiwanja.

Na moto ulikuja, Baba Suzana. Ulikuja wiki mbili zilizopita, mchana, upepo ukiwa mkali. Tulisimama na matawi mabichi na ndoo, kina mama wameshawabeba watoto mgongoni. Ulifika kwenye ukanda, ukapapasa, ukazimika. Pale namba saba pia ulizimika. Revocatus alikaa chini kwenye udongo wake, ndipo akalia.

Sasa niseme nililolificha. Siku moja kabla hujafariki ulishuka kutoka mlimani umechangamka. Ulisema, "Nimeuona msingi wa Revo. Kona zake zimenyooka kweli. Mtoto huyu anajua kazi kuliko mimi. Kesho nitamwambia, halafu tutafute wote mahali pengine." Kesho yake hukuwahi kumwona. Maneno hayo yalibaki kwangu, na sikuyafikisha. Nilikuwa na hasira. Nilitaka kwanza afukie ule msingi kwa hiari yake, na alipoufukia niliona haya kwamba nimemnyima baba yake miezi kumi.

Nayafikisha leo, hapa, kwa sababu Revo husoma gazeti kuanzia ukurasa wa marehemu, tabia aliyoirithi kwako. Mwanangu, baba yako hakufa amekukasirikia. Alikuwa anakusifu. Nisameheni wote wawili.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili asubuhi parokiani kwetu. Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Justa. Wanao Revocatus, Suzana na Rose. Wakwe zako, na wajukuu zako wanne. Mdogo wako Antoni wa Kisesa na dada yako Dorcas wa Nansio. Mzee Shimba, Mhoja, Bwana Naushad, na kila kaya iliyolala salama chini ya mlima huu.

Hatutakusahau, Venant, maadamu tuko hai.