Kompyuta Isiyobebeka

Mbuji, Mbinga
Jumapili ya pili baada ya Pasaka

Kaka yangu Kilian,

Shikamoo. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, pamoja na wifi Dorah na Walburga wenu mdogo, ambaye mimi shangazi yake sijamshika hata mara moja. Sisi huku tupo. Mvua bado zinanyesha, kahawa imeshika vizuri, maharage ya watu yameota. Ya kwetu nitakuja kuyaeleza. Najua bado una kinyongo na baba kwa ile simu ya picha ya mtoto. Huko nako nitafika, ila naomba usome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Utashangaa kuletewa karatasi zama hizi. Ningepiga simu, lakini mtandao unashika pale karibu na kisima tu, na mimi nikisimama pale baba husogea asikie kama ni wewe. Haya sikutaka ayasikie yakisemwa kwa sauti. Kwa hiyo nimempa Violet, binti wa baba mdogo Methodi, anayerudi chuoni huko Morogoro, pamoja na flashi niliyoifunga kwenye leso.

Naanza na mimi mwenyewe. Tangu mwaka jana siwezi kukaa nikatulia. Yupo afisa kilimo wetu, Bwana Hamphrey, mtu wa Bukoba. Mradi wake ulimletea droni na vibali vyote ili apige picha za mashamba ya ngolo, haya yetu ya mashimo ya milimani, kutoka juu. Kurusha anajua, ila kuunganisha video ni mtihani kwake. Aliziona zile video za harusi na kipaimara za Kigonsera nilizokuwa nahariri kwenye simu, akaniomba nimsaidie. Siku ya kwanza tulikwenda Lituhi, tukarusha pale ufukweni. Ziwa nimeliona tangu utoto nikiwa nimesimama mchangani, lakini siku ile niliona mitumbwi yote ya Lituhi imekuwa midogo kama maganda ya maharage, na maji yanaendelea tu kuelekea Malawi. Toka hapo nikiwa shambani najiona kama kuna mahali nimechelewa. Nikipika nachungulia dirishani, nikikaa kanisani nahesabu madirisha. Baba mdogo Methodi akaanza kutangaza kwamba nina mchumba. Ningekuwa na mchumba ingekuwa nafuu.

Simu yangu ilishindwa na ile kazi. Video za droni ni nzito, inazifungua kwa kukwamakwama, inapata moto mpaka naiegemeza kwenye mtungi wa maji, kisha inazima na nilichofanya chote kinapotea. Nikamwambia baba nahitaji kompyuta. Akasema hilo ni la kikao cha sengu, kwa kuwa hela ya kahawa ni ya ukoo.

Sengu yetu unaijua: wote kwa babu Damiano, ugali kwanza, maneno baadaye. Nilikwenda nimejiandaa. Nilikuwa nimeshinda sana kwa Aidan, yule fundi kompyuta wa Mbinga mjini, mtoto wa wavuvi wa Lituhi, nikimchosha kwa maswali. Alinifundisha kwamba laptop mpya kwa uwezo wetu ingeng'aa kwa nje tu. Ndani RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, kidogo, kadi ya picha hakuna, ukiipa video ya droni inahema kama mtu mwenye pumu. Kwa hela hiyohiyo ningepata kompyuta ya mezani, mtumba wa maofisini, yenye prosesa ya nguvu, RAM ya kutosha, diski ya kasi ya SSD na nafasi ya kuchomeka kadi ya picha. Ikiharibika unaifungua kwa bisibisi, na ukipata senti unaongeza kitu. Ubaya wake ni umeme, ukikatika nayo imekatika, labda uwe na ile betri ya akiba wanayoiita UPS. Kwenye programu akanionya nisijiingize katika zile za kulipia kila mwezi, wala nisikubali zile za wizi zinazopitishwa kwenye flashi, maana zinakuja na virusi vyake. Za bure na za halali zipo: Shotcut kwa mashine dhaifu, DaVinci Resolve kwa mashine yenye kadi ya picha.

Yote hayo niliyaeleza mbele ya ukoo na hakuna aliyenisikiliza. Baba mdogo Methodi alisimama akasema RAM yeye haijui. Anachojua ni kwamba kompyuta ya kwanza ya ukoo huu ilikuwa laptop, ilinunuliwa ili Kilian afungue duka la kuchapa na kutoa kopi pale njiapanda, ikapanda basi pamoja naye, na mpaka leo haijarudi. Safari hii, akasema, inunuliwe isiyobebeka, ikae mezani, na mwenye kuitumia akae nayo. Watu walicheka, na mimi nilicheka, ila nilielewa kwamba wanaijadili safari yangu hata kabla sijaitaja kwa mtu.

 Mwishoni baba akasema ninunuliwe inayobebeka. Baba mdogo akamuuliza kama amesahau yaliyompata kwako. Akajibu hajasahau, akarudia vilevile, inayobebeka. Kaka, niliumia. Tangu mama atutoke tumebaki wawili ndani ya nyumba ile, nikajiuliza nimemkosea nini mzee hata atake niondoke. Kwa hasira nikasema mbele ya wote kwamba mimi mwenyewe nachagua ya mezani. Baba mdogo akapiga makofi akidhani ameshinda.

Aidan aliitafuta Songea, akaileta hadi Mbuji, mimi nikiwa nyuma ya bodaboda nimeikumbatia skrini kama mgonjwa. Tuliiweka sebuleni, chini ya picha ya mama. Hata hiyo, video zilikuwa zinaikaba kidogo, mpaka Aidan akanionyesha namna ya kutengeneza nakala nyepesi: mashine inakutolea picha hafifu ya kila video, unaikatakata hiyo hafifu kwa wepesi, zile halisi zimetulia kwenye diski, ukimaliza, kazi yote inahamia kwenye zile halisi. Baba alikuwa anapenda kuja kukaa karibu yangu nikifanya kazi. Akauliza mashine inatengeneza nini muda wote huo, nikamweleza. Akacheka, akasema kumbe ni kama Kilian wa kwenye simu. Sikuandiki hili kukuchoma. Nilicheka naye, kisha sikucheka tena.

Mwezi wa tatu Bwana Hamphrey alirusha droni juu ya Mbuji, wakati watu wamefyeka na kulaza majani kwa miraba lakini akina mama hawajaanza kuyafukia kwa udongo. Shamba letu likawemo. Unajua sifa ya baba: miraba ya majani yake ilikuwa imenyooka mpaka mabwana shamba walikuwa wanaleta wageni kuitazama. Mwaka huu alikataa mtu wa kumsaidia kufyeka. Na mimi sikupanda kule juu hata siku moja, nilikuwa na video zangu.

Nilipofungua kwenye skrini kubwa nikaona mistari ya chini, ile ya kandokando ya njia, imenyooka safi. Kuanzia katikati kwenda juu imepinda. Mraba mmoja mpana, mwingine mwembamba, mstari mmoja umepita juu ya mwenzake, sehemu nyingine imerukwa kabisa. Unajua nilifanya nini? Nililaumu kompyuta. Nilijua lenzi za droni hupinda picha pembeni, basi nikahangaika na programu kutafuta pa kuinyoosha. Nikainyoosha, ikagoma. Nikampigia Aidan nikigomba kwamba ameniuzia mashine mbovu. Akaniuliza kwa upole kama shamba la jirani kwenye picha hiyohiyo nalo limepinda. Nikarudi kutoka kisimani, nikatazama. La jirani lilikuwa limenyooka.

Nikaikuza picha. Ndipo nikamwona baba mwenyewe, pale kwenye mstari wa chini, ameinama. Kulikuwa na kamba ya katani imefungwa kigingi hadi kigingi, na yeye anatembea huku mguu wake unaipapasa ile kamba. Huko juu kamba hazikuwepo. Mama mdogo Kunigunda, ambaye ndiye hutufukilia majani na kuchimba mashimo, ananiambia sasa kwamba aliona, akadhani ni uzee tu, akanyoosha alipoweza, palipobaki pamebaki. Ndiyo maana maharage yetu yameota kwa viraka.

Nilichofanya baada ya hapo nakuungamia wewe peke yako. Nilimtega baba. Nilimwita aje aone shamba lake kutoka juu, nikamweka mbele ya skrini, halafu nikafungua ile video ya Lituhi, maji matupu na mitumbwi. Akaisogelea, akatazama kwa utulivu kabisa, akasema majani yamelala vizuri mwaka huu.

 Alipoona nimenyamaza akajua, maana akili yake haina tatizo lolote. Akanyoosha mkono akaigusa skrini, akauliza mle ndani kuna nini hasa. Nikamwambia ni ziwa.  Nikaanza kulia kwa hasira, nikamuuliza kwa nini alificha, sisi ni watu baki kwake? Akanijibu taratibu:

"Ningesema, usingeondoka."

Kaka, sasa ndiyo nakueleza ambalo sijamweleza mtu. Bwana Hamphrey anahamia Dodoma mwezi wa sita, na ofisi anayokwenda inataka mtu wa kuhariri video za droni za mikoa yote. Ameniombea nafasi. Nilikubali tangu kabla ya sengu. Nilidhani ni siri yangu, kumbe Bwana Hamphrey, kwa adabu zake, alikwenda kwanza kumwomba baba. Kwa hiyo mzee alikaa kwenye sengu ile akijua kwamba nataka kwenda, na kwamba macho yanamwishia, akawaambia ukoo wote ninunuliwe inayobebeka. Nami nikamwona hanitaki. Nikikumbuka nakosa pa kuweka uso.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho Songea. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa bahati ni wa kutolewa. Watamfanyia upasuaji mwezi wa sita, jicho moja kwanza. Baada ya hapo anatakiwa mtu wa kukaa naye: kumtia dawa ya matone, kumzuia asiiname, asikae kwenye moshi, asishike panga. Wewe unamjua, bila mtu atakuwa kwenye kahawa kesho yake. Na ni mwezi wa sita huohuo kahawa inaiva, na mimi natakiwa Dodoma.

Sasa turudi kwenye ile picha. Mwaka jana ulimtumia baba picha ya mtoto aliyezaliwa, hukuandika jina, ulitaka aone mwenyewe kwamba amefanana na mama kisha ndipo umwambie umempa jina la mama. Ukapiga, ukamuuliza amemwonaje. Akasema kijana mzuri, amefanana na wewe. Ulikata simu. Tangu hapo salamu zako zimekuwa za kuhesabika, na mimi nilikutetea, nikamsema baba kwamba ameshindwa hata kumtazama mjukuu wake mwenye gauni la njano. Alitoka nje. Sasa unajua. Alishika simu ile mkononi na hakuona kitu, akabahatisha, akakosea.

Sikuombi ruhusa, kaka, wala sikulazimishi. Nakwambia tu nilivyoamua. Sitaondoka kabla hujafika. Lakini nitaondoka. Nimekaa kwa ajili yetu wote wawili na moyo wangu haukai tena, na baba mwenyewe ameniambia niende. Kompyuta nitaiacha hapa sebuleni, Dodoma watanipa ya kwao. Ndani yake nimeweka programu na nakala zote, na lile duka lako la njiapanda bado ni tupu, mlango umefungwa kwa waya uleule. Aidan yuko tayari kukufundisha. Hata ile laptop njoo nayo, kama bado inawaka, baba mdogo Methodi aione kwa macho yake afunge mdomo.

Kwenye flashi utakuta filamu ya shamba letu. Nilikuwa nimeikata ile sehemu iliyopinda, ibaki mistari ya chini tu. Nimeirudisha. Itazame hadi mwisho.

Nisalimie sana wifi Dorah, mwambie vitenge alivyonitumia vilinitosha. Babu Damiano anakusalimu, mama mdogo Kunigunda pia. Baba nimemwambia nakuandikia habari za kahawa. Akasema nikwambie yeye hajambo. Daktari amesema kitambaa watakifungua kesho yake asubuhi. Siku hiyo nataka Walburga awe amekaa mbele yake, na tafadhali, lile gauni la njano kama halimtoshi tena, mshoneeni lingine la njano.

Ni mimi mdogo wako,
Hedwiga